Mwaka wa Akaunti ya Tatu

Bi Zuhura anahama Ifakara. Leonia ndiye aliyenipigia simu mwezi uliopita kunieleza: mwana wa Bi Zuhura, aliye baharia, amemaliza kujenga Kilwa na anamchukua mama yake wakaishi wote, na mama mwenyewe amesema hatoki mtaani kwake Mlabani mpaka wasichana wake wa kompyuta waje wale kwake kwanza. Wasichana! Leonia ana watoto wa shule, na mimi mvi za mbele nimeshaacha kuzing'oa. Lakini nilikwenda. Tulikaa mkekani uani kwake, tukala wali wa nazi na samaki kitoga wa kukaushwa kwa moshi, na baada ya kunawa Bi Zuhura akatufungulia kile chumba cha mbele tulichokuwa tumepanga kwa kazi. Siku hizi ni stoo ya ndoo na mabeseni. Leonia alichungulia, akasema, "Humu ndimo nilimonusurika kwenda jela." Bi Zuhura akampiga begani kwa ncha ya kanga, wakacheka wote wawili. Mimi nami nilicheka, lakini kama mtu aliyekumbuka gari lililompitia karibu. Sijawahi kuandika habari za mwaka ule. Naziandika sasa, wakati sote tungali hai na tunakula sinia moja, kwa sababu kuna siku mambo hayakuonekana kabisa kwamba yangeishia hapo.

Nilikuwa nimemaliza chuo Morogoro, nimekaa bila kazi muda wa kutosha kuchoka kuulizwa, ndipo kaka mmoja aliyenitangulia chuoni, Fikiri, akanitafuta. Alikuwa ameacha kazi Dar es Salaam na kurudi kwao Ifakara na mkataba mkononi. Kampuni moja ya nje ilikuwa imetengeneza programu ya simu ya kutunzia sarafu za kidijitali, pochi kama walivyoiita wenyewe, na ilitaka toleo lake la Kiswahili lijaribiwe na watu wanaokizungumza. Fikiri aliniambia Ifakara kodi ya chumba ni ndogo, intaneti si haba, na wali wake hauna mfano. Kuhusu kodi na wali alisema kweli. Leonia nilimkuta ameshafika. Alikuwa mtu wa Uchindile, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyezoea kukaa kimya mpaka ukadhani hakusikia swali, kisha anakujibu jibu ambalo huwezi kuliongezea kitu. Tulipewa meza moja ndefu ya mninga, feni iliyolalamika, na dirisha la nyavu lililotazama uani kwa mwenye nyumba. Kila lililosemwa uani tulilisikia, na nadhani kila tulilosema nasi lilisikika.

Kazi yenyewe niliwaeleza watu wengi mwaka ule, na sijui kama kuna aliyenielewa. Tulikuwa tunaandika maagizo ya kuifanya kompyuta ijifanye mtu mwenye simu. Ifungue pochi, ianzishe akaunti, iipe jina, ibadilishe jina, iifiche, iifichue, ihamie akaunti nyingine, ifute moja na kuhakikisha nyingine hazikuguswa, kisha ijifanye simu imepotea na kurejesha kila kitu kwenye simu mpya. Kila jaribio likienda sawa, mstari wa kijani. Likikwama, mwekundu. Ukishaliandika jaribio linajiendesha lenyewe kila mara kampuni inapobadilisha kitu, halichoki wala haliendi chai. Kwenye skrini ilionekana simu ya bandia, na mambo yakifunguka na kufungika bila mkono wa mtu. Siku ya kwanza Bi Zuhura alipotuletea chakula alisimama na sahani mkononi akitazama.

"Nani anabonyeza?"

"Hakuna mtu, Bi Zuhura," Fikiri akamwambia. "Inabonyeza yenyewe."

"Audhubillahi," akasema, akaweka sahani mezani. Lakini hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa mpaka majaribio yakaisha.

Alikuwa mjane mwenye duka la kanga na vyombo karibu na soko, watu wao walitoka Kilwa zamani. Kutuletea chakula hakukuwamo kwenye mkataba wa pango. Alianza kwa sababu, alivyosema, alichoka kutuona tukila maandazi mchana kama watoto waliotumwa dukani. Tukala kwake wali na mlenda, wali na perege, wali na maharage siku ambazo biashara haikwenda, na wakati tukila yeye alizungumza. Alitueleza habari za mwanawe Nassoro, aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli za mizigo, leo bandari hii, kesho ile, na namna alivyokuwa akihangaika kumtumia mama yake pesa za kwenda Hija. Hija ndiyo iliyokuwa moyoni mwake. Alikuwa ameitaka tangu mumewe angali hai. Mara pesa zilikwama benki, mara zilikatwa njiani mpaka zikafika zimekonda. Sasa Nassoro alikuwa amesikia habari za sarafu hizi, ile aina iliyofungwa kwenye thamani ya dola ambayo haipandi wala haishuki, na mama akatuuliza kama programu tunayoichezea ndiyo hiyo hiyo. Fikiri alisita. Watu wengi walikuwa wametapeliwa kwa jina la sarafu hizo, naye hakutaka lawama. Bi Zuhura akasema ameshakwenda kumuuliza shehe, na shehe amejibu kwamba pesa ya jasho isiyo na riba haiharamishwi na njia iliyopitia. Fikiri akakubali.

Leonia ndiye aliyemsaidia Bi Zuhura. Alimfungulia akaunti ya kwanza, wakaipa jina Duka, Nassoro akatuma kidogo kwanza kuona kama kitafika, na kikafika. Ya pili wakaiita Nyumba, maana mwana alikuwa ameahidi kuezeka upya paa la nyuma. Ya tatu wakaiita Hija. Pochi ya namna hii humpa mwenyewe maneno kumi na mawili ya Kiingereza, yasiyohusiana, na maneno hayo ndiyo ufunguo wa kila kitu. Mwenye maneno ndiye mwenye pesa. Bi Zuhura hakutaka kuyaandika popote. Alisema karatasi huliwa na panya na husomwa na wageni, na kwamba yeye madrasa alihifadhi mambo marefu kuliko hayo kwa lugha asiyoijua. Akayahifadhi. Kwa wiki kadhaa tulimsikia uani akiyanong'ona huku akipepeta mchele, kwa sauti ya kupanda na kushuka kama mtoto wa madrasa, na alipotaka kuhakikisha hakukosea alimwita Leonia jikoni amsikilize. Fikiri hakulijua hilo. Angelijua angelikataza siku ile ile, kwa sababu kanuni ya kwanza ya kazi yetu ilikuwa kwamba maneno ya mtu mwingine huyasikii hata kama anakulazimisha. Leonia alilijua, na alimsikiliza, kwa kuwa mama mtu mzima alimwomba.

Mvua za masika zilianza, uwanda wote kutoka Kivukoni ukawa maji na kijani, na siku moja simu ya Bi Zuhura ikatumbukia kwenye pipa la maji ya mvua. Hatukustuka sana. Kurejesha akaunti kwenye simu mpya ni jambo tulilolijaribu zaidi ya jambo lingine lolote. Mdogo wake, Mzee Shabani, aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki, alimnunulia simu nyingine, wakakaa sebuleni, dada akatamka maneno, mdogo mtu akaandika. Programu ikayapokea. Ikazunguka kidogo, kisha ikaleta sentensi ile tuliyoijua kama majina yetu: Akaunti zako zote zimerejeshwa. Chini yake palikuwa na akaunti moja, haina jina kwa kuwa majina yalibaki kwenye simu iliyozama, na ndani yake kile kidogo cha mwanzo, cha kujaribia. Hija haikuwapo.

Mzee Shabani alikuja ofisini asubuhi iliyofuata kabla hatujafungua hata dirisha. Bi Zuhura alikuwa nyuma yake, kanga imefunika mpaka nyusi. Tulimwamkia mzee shikamoo, hakuitikia.

"Nimekuja kuuliza jambo moja tu," alisema. "Maneno ya dada yangu, ukituondoa yeye na mimi niliyeyaandika jana, nani mwingine anayajua?"

Fikiri alitaka kueleza kwamba hakuna anayeweza kuyajua, kwamba programu yenyewe haiyatunzi popote. Leonia akamkatiza.

"Mimi nayajua, mzee. Bi Zuhura alikuwa ananiita nimsikilize."

Fikiri aligeuka akamtazama. "Yote?"

"Yote."

Nakumbuka Fikiri alivyokaa chini polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani, ingawa jua lilikuwa limeingia chumba kizima. Mzee Shabani akasema basi, hapana haja ya maneno mengi, mtoto wa watu arudishe alichochukua, la sivyo Ijumaa baada ya swala yeye anakwenda polisi. Leonia alimwendea Bi Zuhura, akainama kidogo ili auone uso wake ndani ya kanga.

"Bi Zuhura, mimi naweza kukuibia?"

Mama yule alitazama sakafu. "Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi mambo ya humo siyajui."

Nimesikia watu wakitukanwa mbele yangu, na sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika kama ulivyobadilika wa Leonia kwa maneno hayo ya upole. Alichukua mkoba wake. Fikiri alimfuata mpaka barazani, akamwambia akapumzike kwa shangazi yake Kivukoni mpaka jambo litulie, na akamwomba ufunguo wa ofisi. Alimwomba kwa adabu, macho pembeni. Siwezi kumlaumu hata leo. Kama kampuni ingesikia kwamba mmoja wetu alikuwa na maneno ya mteja, mkataba wote ungekufa siku ile, na sisi sote nao.

Njia rahisi ya kumaliza ubishi ilikuwa kumpata Nassoro. Yeye alikuwa na anwani ya akaunti aliyokuwa akitumia pesa, na kwa anwani hiyo mtu yeyote angeweza kutazama kama pesa zingali pale au zimehamishwa. Lakini meli yake ilikuwa baharini na simu yake haikupatikana. Mzee Shabani alikuwa ameichukua simu mpya akaifungia dukani kwake asije mtu akafuta ushahidi. Ikabaki kwetu kazi moja. Fikiri aliniambia niendeshe majaribio yote ya kurejesha akaunti, kwa toleo lile lile lililokuwa kwenye simu ya Bi Zuhura, nimwonyeshe Mzee Shabani matokeo. "Angalau ajue programu ni nzima," alisema. Nilimtazama, naye akatambua alichokisema. Kama programu ni nzima, basi mwizi ni mtu. Hata hivyo niliyaendesha. Yalipita yote. Mstari baada ya mstari, kijani tupu, na mimi niliyekuwa nikishangilia rangi ile kila siku nilitamani kuitupia skrini kitu.

Siku mbili tatu tulikaa hivyo, mimi na Fikiri, kila mtu pembeni mwa meza, kiti cha katikati kitupu. Hakuna aliyetuletea sahani, nasi hatukutegemea. Tulikula maandazi. Mvua ikinyesha bati lilipiga kelele mpaka hatukuweza kuzungumza, na hilo lilikuwa nafuu. Mchana wa Alhamisi mvua ilikatika ghafla, na katika kimya kile nikasikia sauti uani. Bi Zuhura alikuwa anachagua mchele na jirani yake, mama mmoja wa Kipogoro aliyekuwa na tabia ya kuuliza asilohusika nalo.

"Na hela za paa je?" jirani aliuliza. "Si ulisema mwanao anakutumia na za paa?"

"Paa?" Bi Zuhura akajibu kwa uchovu. "Ile ya nyumba tangu ifunguliwe haijaingia kitu. Ahadi tu. Ya Hija ndiyo alikuwa anatuma, ya nyumba hata siku moja."

Niliacha nilichokuwa nikifanya. Siwezi kusema nilielewa hapo hapo. Nilihisi tu kwamba kuna kitu nimekisikia ambacho majaribio yetu hayakijui. Akaunti za pochi ile zilikuwa zikizaliwa kutoka kwenye maneno yale yale kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukirejesha kwenye simu mpya, programu inaziita moja moja na kuuliza kila moja kama imewahi kupokea chochote. Nilifungua majaribio yetu nikayasoma kama barua ya mtu mwingine. Katika kila moja, akaunti zote zilikuwa na kitu ndani. Tuliziandaa hivyo kwa sababu ndivyo jaribio linavyopendeza: unafungua tatu, unaziwekea kitu zote, unafuta, unarejesha, zinarudi tatu. Hatukuwahi kumwazia mtu aliyefungua akaunti kwa tumaini, akaipa jina, akairuka akaendelea na nyingine.

"Fikiri," nikasema. "Programu ikikuta akaunti isiyowahi kutumika, inafanyaje?"

"Inasimama. Inajua zimeisha." Kisha akavuta kiti chake akaja upande wangu.

Niliandika jaribio jipya. Fungua akaunti tatu. Ya kwanza iwekee kitu. Ya pili iache tupu. Ya tatu iwekee kitu. Haribu simu. Rejesha. Hesabu zilizorudi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na betri ya kompyuta ilikuwa inaelekea mwisho, kwa hiyo tuliitazama simu ya bandia ikifanya kazi yake: akaunti moja ikafunguka, ya pili, ya tatu, kila kitu kikafutika, maneno yakajiandika, kiduara kikazunguka. Akaunti zako zote zimerejeshwa, ikasema. Chini yake mstari mwekundu. Zilitarajiwa tatu, imepatikana moja.

Fikiri alipiga meza kwa kiganja akapiga kelele ambayo sijui ilikuwa neno gani. Mimi nilianza kulia, na nilikuwa nacheka. Watu wa kazi yetu wanaichukia rangi ile, na mimi sijawahi kuona kitu kizuri kama mstari ule. Maana yake pesa hazikuhama. Zilikuwa pale pale zilipowekwa, nyuma ya akaunti tupu, na programu ilikuwa imesimama mlangoni ikatangaza kwamba nyumba imekwisha.

Tulikwenda dukani kwa Mzee Shabani tukiwa tumelowa matope mpaka magotini. Alitusikiliza mikono ikiwa kifuani. Hakuelewa, na nadhani hakutaka kuelewa, lakini Fikiri alimwambia hatutagusa simu, hatutauliza neno hata moja, aende nayo tu kwa dada yake na dada abonyeze mwenyewe. Hilo alilikubali. Bi Zuhura alikuwa bado uani na ungo wake. Mdogo wake akamkabidhi simu. Nilichuchumaa mbele yake nikamwelekeza bila kunyoosha hata kidole.

"Hapo chini, Bi Zuhura, pameandikwa Ongeza akaunti. Bonyeza."

Akabonyeza. Ikatokea akaunti ya pili. Tupu.

"Unaona?" Mzee Shabani akasema. "Hamna kitu."

"Hiyo ni ya nyumba," nikamwambia mama. "Ulisema haijawahi kuingia kitu. Bonyeza tena."

Akakosea, akarudi, akabonyeza. Kiduara kikazunguka muda ambao mimi niliuona mrefu mno. Kisha ikatokea ya tatu, na ndani yake ikawa kila alichotuma Nassoro kutoka kila bandari.

Bi Zuhura hakupiga kelele. Aliinua uso akatazama mawingu, akasema Alhamdulillahi mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka ikabaki pumzi tu. Mchele ulikuwa umemwagika miguuni pake na kuku walikuwa wameshaufikia, na hakuna aliyewafukuza. Jirani yake akaanza kupiga vigelegele. Mzee Shabani aliomba maji. Alikunywa, kisha akaniuliza, "Yule binti yuko wapi?"

"Kivukoni, kwa shangazi yake."

"Panda pikipiki nikupeleke."

Barabara ilikuwa tope na yeye aliendesha kama mtu anayekimbizwa. Shangazi wa Leonia alikuwa anakaa chini kidogo ya kilipokuwa kivuko zamani, kabla ya daraja, na alikuwa akikausha samaki kwenye kichanja chenye moshi. Leonia alikuwa kando yake na kisu, anapasua kambale. Alituona tangu mbali na hakusimama. Mzee Shabani alizima pikipiki, akavua kofia ya chuma akaishika mikononi, akabaki hapo hapo njiani. Shangazi alimtazama juu mpaka chini, hakumkaribisha, akaendelea kugeuza samaki.

"Zimepatikana," nilimwambia Leonia. "Hazikuibiwa. Zilikuwapo muda wote. Programu ndiyo haikuzifikia."

Alikaa na kisu mkononi. Nilidhani atalia au atafurahi. Aliniuliza, "Jaribio gani limefeli?"

Nikamweleza. Akaunti ya kati tupu, ya tatu haionekani. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa taratibu kama anayesahihisha kazi.

"Hatukuandika la akaunti tupu," alisema.

"Hatukuandika."

Ndipo akatupa kisu kwenye beseni, akajifunika uso kwa mikono yenye magamba ya samaki, akalia kwa sauti kubwa kiasi kwamba watu waliokuwa wakisukuma mtumbwi walisimama kutazama. Shangazi aliacha moshi wake akaja akamshika. Baada ya muda Mzee Shabani akasogea hatua chache, akasema, "Mwanangu, mimi nilikukosea." Shangazi ndiye aliyemjibu. Alimwambia aketi basi, asimame mpaka lini, akamwonyesha gogo.

Yaliyofuata yalikwenda vizuri kiasi kwamba sina mengi ya kuyasimulia. Fikiri aliwaandikia kampuni siku ile ile, akawapelekea jaribio langu kama lilivyo, na wakakiri. Walirekebisha programu iendelee kutafuta hata baada ya kukuta akaunti tupu. Ile sentensi nayo ikabadilishwa. Leonia ndiye aliyeitunga upya kwa Kiswahili: Hizi ndizo akaunti tulizoziona. Kama kuna nyingine, tuambie tuzitafute. Nassoro alipatikana meli ilipotia nanga, akasikia habari yote ikiwa imekwisha, akacheka, kisha akatuma kitu kwenye ile ya nyumba. Fikiri alimrudishia Leonia ufunguo mbele yangu na akaomba radhi, na maneno kumi na mawili ya Bi Zuhura yalibadilishwa kwa mengine ambayo hakuna mtu aliyemsikiliza akiyahifadhi. Siku hizi nasimamia vijana wanaofanya kazi kama ile, nao huniona msumbufu, kwa kuwa kila wakinionyesha majaribio yaliyopita yote mimi nawauliza ni mtu wa namna gani walimsahau.

Lakini kati ya Leonia na Bi Zuhura palibaki kitu. Sahani zilirudi, Leonia alikula na kushukuru, akitumwa alikwenda. Alipoamkia ilikuwa shikamoo kavu, na alipoitikia jambo aliitikia nusu. Hakukaa tena jikoni. Bi Zuhura aliliona hilo na alizunguka karibu yetu mchana kutwa akitafuta sababu ya kuingia, mara aulize kama chumvi imetosha, mara kama feni inafanya kazi. Ikapita miezi hivyo, mpaka safari yake ilipokaribia.

Anayekwenda Hija hupita kwa watu kuombana radhi, asiondoke na kinyongo cha mtu. Bi Zuhura alipita nyumba kwa nyumba Mlabani yote, na chumba chetu akakiacha cha mwisho. Aliingia mchana wa joto kali, amevaa vizuri, harufu ya udi. Kwangu na kwa Fikiri alimaliza haraka. Kisha akasimama mbele ya Leonia.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi."

Leonia aliweka mikono mezani. "Bi Zuhura, siku ile nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema hujui."

"Nilisema sijui. Nilikuwa najua. Nilijua huwezi. Niliogopa tu, nikaogopa mpaka nikasema lile."

Feni ililalamika juu yetu. Nilitamani kutoka nje na sikuweza kupita.

"Basi nimekusamehe," Leonia akasema. "Nawe unisamehe. Nimekununia miezi yote hii."

"Umenisalimia kila asubuhi."

"Nilikuwa nasalimia kwa mdomo."

Bi Zuhura alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Akamshika mikono. "Nikifika huko nikuombee nini? Sema chochote."

Leonia alifikiri kwa muda wake ule mrefu. "Niombee usingizi," akasema. "Tangu siku ile silali vizuri. Nikifumba macho nawaona polisi."

Bi Zuhura hakusema atafanya hivyo akifika. Alivua viatu pale pale, akaketi sakafuni kati ya nyaya na meza, akanyoosha viganja, akamwombea kwa muda mrefu, midomo ikienda bila sauti. Alipomaliza akajipangusa uso, akatuaga, akaenda kufunga mizigo yake. Majaribio ya mchana yalikuwa yanaendelea na tulirudi kuyatazama. Baada ya muda nikageuka kumuuliza Leonia jambo, nikamkuta amelaza kichwa juu ya mkono wake mezani, mdomo wazi kidogo, anakoroma taratibu. Nilinyoosha mkono kumwamsha. Fikiri akanikataza kwa macho, akainuka kwa ncha za vidole, akaenda kufunga mlango wa mbele.